Macho Yakizibwa Kwenye Lami: Mwongozo kwa Marubani wa Bunia

Njia ya kurukia ndege ya Bunia ina urefu wa takribani mita 1,850, nayo iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzijoto 25, hewa ya hapo huwa nyepesi kama ya mahali palipo karibu mita 1,900. Ukisoma noti 100 kwenye kipimo cha kasi na hakuna upepo, ndege yako kwa kweli inakata ardhi kwa noti 110 hivi, yaani zaidi ya mita 56 kila sekunde. Mvua ikiziba kioo wakati huo, nawe ukatumia sekunde tatu tu kujiuliza ufanye nini, umeshamaliza mita 170 za lami bila kufanya lolote.

Kwa hiyo uamuzi wa kusimama au kuendelea hauwezi kusubiri giza liingie. Unafanywa breki zikiwa bado zimeshikwa, na kazi ya mafunzo ni kuizoesha mikono kuutekeleza. Mwongozo huu ni wa rubani anayeruka na kutua Bunia, mwalimu anayempima, na mwenye shirika dogo anayewalipa wote wawili. Hauchukui nafasi ya kitabu cha ndege yako wala taratibu za shirika lako. Pale vinapotofautiana, fuata vitabu hivyo.

Jua kinachoziba macho Bunia

Mvua ndiyo ya kwanza. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Albert, lililo chini ya Bunia kwa mita 600 hivi, ikakutana na joto la mchana juu ya milima. Wingu likikomaa, pazia la mvua linaweza kufika kwenye ncha moja ya njia huku ncha nyingine ikiwa kavu. Hapo ndipo rubani hudanganyika: anaona lami mbele yake, anatoa nguvu ya injini, kisha anakimbilia ndani ya maji.

Ukungu ni wa asubuhi, hasa baada ya mvua ya usiku, anga ikiwa wazi na upepo umetulia. Linganisha joto la hewa na kiwango cha umande. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi tatu na hakuna upepo, tarajia ukungu hata kama sasa hivi unaona mbali. Jua linapochomoza, ukungu unaweza kunenepa kwanza kabla ya kuyeyuka.

Kuanzia Desemba hadi Februari kuna moshi wa nyasi zinazochomwa, pamoja na vumbi. Moshi hupunguza mwonekano polepole, ila vumbi huja ghafla: helikopta ikishuka karibu, au ndege iliyokutangulia ikigeuza propela kwenye kiwanja cha udongo, unabaki umezungukwa na wingu jekundu.

Jua husahauliwa sana. Njia ya Bunia inaelekea mashariki na magharibi, 10 na 28. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua huchomoza karibu sawasawa mbele ya anayeruka kwenye 10. Katikati ya Aprili na mwishoni mwa Agosti huzama mbele ya anayetua kwenye 28. Kioo chenye mikwaruzo au mizoga ya wadudu hugeuka kuwa ukuta mweupe. Kifute mwenyewe kabla ya kupanda. Usimwachie kijana wa mizigo.

Mwisho ni kioo kwa ndani. Abiria walionyeshewa, mizigo yenye maji, mlango uliokaa wazi: unapoongeza nguvu, kioo kinapata mvuke. Washa hewa ya kukausha kioo mapema na uhakikishe waipa zinafanya kazi ukiwa bado kwenye maegesho.

Mwili wako ni shahidi wa uongo

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwachukua marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo na kuwaweka katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda uliopita kabla ya hapo ulikuwa sekunde 178.

Chanzo ni sikio la ndani. Ndege inapoongeza mwendo, vijiwe vya humo huhisi kana kwamba pua inainuka. Mwenye macho hasumbuki, maana anaona upeo. Aliyezibwa macho huisukuma pua chini bila kukusudia, wakati ndege iko mita chache tu kutoka ardhini. Ndege ikilala upande mmoja polepole, sikio halitambui kabisa.

Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala usiku baada ya kusubiri dhoruba ipungue. Ilianza kulalia kulia taratibu na marubani hawakulitambua hilo mapema. Ilianguka kwenye mikoko muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote 114 walikufa. Ilikuwa ndege mpya ya shirika kubwa. Giza halichagui ndege chakavu.

Tiba haimo katika ushujaa. Ni kuhamisha macho ndani kwenye kipimo cha upeo na dira, na kuviamini hata kama kiuno chako kinakuambia vinginevyo.

Kabla ya kuachia breki

*Pima mwenyewe.* Taarifa ya mnara inaeleza hali pale alipo mwongoza ndege. Wewe uko kwingine. Ukishajipanga kwenye njia, hesabu michirizi myeupe ya katikati. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, mchirizi mmoja pamoja na pengo lake huchukua kati ya mita 50 na 75. Ukiona michirizi minne tu, uwezo wako wa kuona ni kama mita 200 hadi 300. Palipo na taa za kando kwenye njia ya vipimo, umbali kati ya taa na taa hauzidi mita 60, nazo hesabu. Linganisha na kiwango cha chini cha shirika lako. Kikipungua, rudi maegeshoni.

*Shika namba ya dira.* Ndege ikiwa imenyooka juu ya mstari, soma dira. Ikisema 101, namba yako ni 101, hata kama njia inaitwa 10. Weka alama hapo. Ukipotoka digrii tatu tu kwa kasi tuliyoitaja, unasogea pembeni karibu mita tatu kila sekunde. Kwenye njia yenye upana wa mita 30, nawe ukiwa katikati, sekunde tano zinatosha kukuingiza kwenye nyasi.

*Gawaneni macho.* Mmoja anaongoza akitazama nje. Mwingine anabaki ndani: kasi, injini, dira. Wote wawili wakitazama nje, mvua ikishuka wote wamepofuka pamoja.

*Kubalianeni maneno na lugha.* Katika chumba kimoja cha marubani hapa unaweza kukuta Kifaransa, Kiingereza, Kirusi, Kilingala na Kiswahili. Redioni fuateni kanuni. Kati yenu, chagueni lugha moja ya kuamrishana kabla ya kuondoka. Mazungumzo ya dakika moja yanatosha:

"Chini ya kasi ya uamuzi, nikisema *sioni*, nasimama. Wewe unanisomea dira mpaka tusimame."

"Sawa, kapteni. Na juu ya hapo?"

"Juu ya hapo tunaenda. Naingia ndani kwenye vipimo. Hakuna kugeuka kabla ya futi 400."

"Na mimi nikiona umepotoka?"

"Sema *kushoto* au *kulia*. Ukisema mara mbili nami sijarekebisha, chukua usukani."

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kigumu kwa rubani msaidizi kijana aliyelelewa kumheshimu mkubwa. Kapteni ndiye anayepaswa kukitamka yeye mwenyewe, waziwazi, kila safari.

Mwonekano ukipotea: fanya hivi

*Ndege ndiyo kwanza inaanza kukimbia.* Rudisha nguvu, shika breki kwa miguu yote miwili sawasawa, fuata dira, simama. Usitafute njia ya kutokea. Ukiwa umesimama katikati ya lami na huoni, uambie mnara kwamba uko kwenye njia na umesimama, uache taa zote zikiwaka.

*Kasi imepanda lakini haijafika kasi ya uamuzi.* Simama bado, mradi uliifanya hesabu ya umbali kabla. Kumbuka hewa ya Bunia: kasi halisi ikizidi kwa asilimia 10, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inazidi kwa asilimia 20 hivi. Ongeza lami iliyolowa. Usiiachie dira unapopambana na breki, kwa sababu wengi hutoka pembeni wakiwa tayari wamepunguza mwendo.

Ndege ndogo kama Cessna Caravan haina kasi ya uamuzi kama ile ya ndege kubwa. Chagua alama ardhini: barabara ya kutokea, soksi ya upepo, jengo fulani. Ukiipita alama hiyo, shauri la kusimama limekwisha.

*Umevuka kasi ya uamuzi.* Usisimame. Kusimama hapo ni kutoka nje ya njia kwa kasi kubwa bila kuona unakokwenda. Hamishia macho ndani. Shikilia namba ya dira kwa pedali, na kasi ya kunyanyua ikifika, inua pua hadi pembe iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege yako, uisome kwenye kipimo cha upeo. Mabawa yalale sawa. Hakikisha kipimo cha mwinuko kinapanda na cha kasi ya kupaa kiko juu ya sifuri. Ndipo upandishe magurudumu. Panda moja kwa moja hadi mwinuko salama uliouandika kwenye karatasi yako, kwa sababu upande wa mashariki na kaskazini kuna milima.

*Unatua, na magurudumu hayajagusa.* Ghairi, paa tena. Tarehe 2 Agosti 2005, Airbus A340 ya Air France iliingia kwenye mvua kubwa ikiwa inavuka ukingo wa njia mjini Toronto. Iligusa lami mbali sana, ikapita mwisho wa njia, ikaungua. Watu wote 309 walitoka hai, ila hiyo ni bahati ambayo huwezi kuipangia.

Lakini kupaa tena si dawa ya kila kitu. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa aina ya CRJ-100, iliyotoka Goma kupitia Kisangani, ilianguka N'djili, Kinshasa, katikati ya dhoruba. Marubani walikuwa wamekwisha kughairi kutua, ndipo hewa inayoshuka kwa nguvu ikaisukuma ndege chini. Kati ya watu 33, alipona mmoja. Dhoruba ikiwa imekaa juu ya uwanja, mahali pa kuamua ni mbali, mafuta yangali mengi. Usiisogelee ukiwa na wazo kwamba utapaa tena mambo yakiharibika.

*Umegusa na umeshavuta propela kinyume.* Sasa umechagua kusimama. Usibadili nia. Ukipaa kutoka hapo unaweza kukuta injini moja imerudi mbele na nyingine haijarudi. Shika dira, tumia breki, na kama lami itaisha, iishe ukiwa umenyooka na mwendo mdogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

*Unatembea ardhini.* Ukipotea, simama na useme umepotea. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana: moja ilikuwa imeanza kukimbia bila ruhusa ya kuruka, nyingine bado ikitembea juu ya njia ileile. Walikufa watu 583. Bunia ina njia moja tu, inayotumiwa na ndege za abiria, za mizigo, za misaada na za Umoja wa Mataifa. Njia ambayo huioni usidhani ni tupu.

Mazoezi kwa ngazi

*Ngazi ya kwanza: kitini.* Kaa kwenye ndege iliyozimwa, funga macho. Mwenzako ataje kitu: breki, hewa ya kioo, waipa, vipini vya nguvu, taa. Mkono wako ukifikie bila kupapasa. Kisha ataje kasi na neno *sioni*, nawe ujibu papo hapo *simama* au *nenda*, huku mikono ikitenda. Zoezi hili halichomi hata tone la mafuta.

*Ngazi ya pili: kutembea.* Mwanafunzi avae kofia ya kuziba mwonekano wa nje, aongoze ndege kwa dira kwenye njia iliyo tupu, kwa mwendo wa kutembea tu. Mwalimu awe na macho nje na miguu kwenye pedali. Hapo mwanafunzi hugundua jambo la kwanza: pedali kidogo ni nyingi. Wengi huzidisha, ndege ikayumba kushoto na kulia kama mlevi.

*Ngazi ya tatu: kuruka kwa vipimo.* Iwe mchana, hali ya hewa safi, hakuna upepo wa ubavuni, hakuna abiria, mnara umeridhia. Mwanafunzi anajipanga juu ya mstari, anasoma dira, anaziba macho, anatoa nguvu taratibu. Mwalimu awe ameshaweka mpaka wake: ndege ikisogea mita tano kutoka mstarini, anaichukua bila mjadala. Baada ya zoezi kukaa vizuri, mwalimu azibe macho ya mwanafunzi katikati ya mwendo kwa karatasi ngumu, bila kumwambia ni lini. Hapo utaona nani anahamia kwenye vipimo na nani anainua shingo kuchungulia juu ya karatasi. Anayechungulia arudi ngazi ya pili.

Kusimama ghafla kwa kasi kubwa ukiwa umezibwa macho *usijaribu* kwenye ndege halisi. Hilo ni la mtambo wa kuigiza.

*Ngazi ya nne: mtambo wa kuigiza.* Ukipelekwa Addis Ababa, Johannesburg au kwingineko, usikubali saa zote ziishie kwenye injini kufa. Mwombe mwalimu akuwekee mwinuko, joto na urefu wa njia wa Bunia, kisha apunguze mwonekano ghafla mara tatu: kabla ya kasi ya uamuzi, baada yake, na magurudumu yakiwa futi 20 juu ya lami. Rudia na injini moja ikiwa imekufa. Rudia na mwenzako akiwa kimya, kana kwamba amezimia. Nyote wawili mbadilishane nafasi.

Kanuni za kimataifa zinataka rubani wa shirika la abiria apimwe ustadi mara mbili kwa mwaka. Ngazi ya kwanza irudie kila mwezi; ya pili na ya tatu zirudie msimu wa mvua unapokaribia. Mwalimu asiandike "amefaulu" peke yake. Aandike ilichukua sekunde ngapi mikono kutenda, na ndege ilipotoka digrii ngapi.

Kwako mwenye shirika

Tunajua kwa nini watu wanapanda ndege katika jimbo hili la Ituri. Barabara za Djugu, Irumu na Mambasa zimemwaga damu, na abiria aliyekaa kwenye benchi uwanjani anaweza kuwa mgonjwa, daktari au mama anayewahi mazishi. Shinikizo la kuondoka ni la kweli. Hata hivyo, mvua ya wingu moja mara nyingi hupita ndani ya nusu saa hadi saa moja, na ukungu kwa kawaida huondoka jua likipanda.

Weka kiwango cha chini cha mwonekano kwa maandishi, na usimkate posho rubani aliyekiheshimu. Mpe mafuta ya kusubiri na ya kwenda kwingine: Beni iko takribani kilomita 140 kwa mstari ulionyooka, Entebbe 300, Kisangani karibu 560. Goma, iliyokuwa kimbilio la wengi, ilifungwa Januari 2025 mji ulipotekwa, na tangu hapo hesabu ya mafuta haiwezi kuwa ileile ya zamani.

Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliingia Ziwa Victoria ikielekea kutua Bukoba katika mvua. Kati ya watu 43 walikufa 19. Umbali kati ya ndege ile na uwanja ulikuwa mdogo mno. Yeyote anayepanga ratiba na autafakari umbali huo kabla ya kumpigia rubani simu kumuuliza kwa nini bado hajaondoka.

Nawe rubani, kabla ya safari yako ijayo fanya mambo matatu: andika kasi au alama yako ya uamuzi, soma dira ukiwa juu ya mstari, na mwambie mwenzako kwa sauti utafanya nini mkipofuka. Ukishindwa kumaliza moja kati ya hayo, hujawa tayari kuachia breki.